Namna ya kumfundisha msemaji wa Kichina kivumishi “convenient” cha Kiingereza

Yeyote aliyewahi kufanya kazi na Wachina wanaotumia Kiingereza, iwe kwenye mradi wa barabara, dukani Kariakoo au kwa barua pepe za wauzaji wa Guangzhou na Yiwu, huenda ameshaulizwa swali hili: “Are you convenient tomorrow?” Muulizaji anataka kujua kama kesho utakuwa na nafasi. Kila neno ni la Kiingereza, mpangilio wa maneno ni wa swali la Kiingereza, na mara nyingi anayeulizwa hujibu bila kusita kwa kuwa maana ameipata. Hata hivyo mzawa wa lugha hiyo haulizi hivyo, kwa sababu katika Kiingereza cha leo mtu hawi “convenient”. Kinachokuwa hivyo ni wakati, mahali, njia au kitu. Mtu akielezwa kwa kivumishi hicho, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba anahesabiwa kuwa wa kutumiwa tu kwa kuwa yuko karibu, na hayo si maneno ya kumwambia mteja wala mkuu wa kazi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu anayezungumza Kiswahili na ambaye wanafunzi wake, wakubwa kwa wadogo, wamekulia katika Kichina cha Mandarini. Msimamo wangu ni kwamba kosa hili halitokani na maana ya neno, bali na kiima cha sentensi. Mtu anaweza kulijua neno “convenient” tangu akiwa shule ya msingi na bado akalikosea akiwa mhandisi, na kumwongezea fasili nyingine ya kamusi hakutamsaidia chochote. Atakachonufaika nacho ni kuzoezwa ni nani au nini kinachotangulia kitenzi, na ni nani anayekuja nyuma yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza na ya nne hapa chini ndizo zenye uzito, na nyingine zinaweza kupitiwa kwa haraka kulingana na mwanafunzi uliye naye.

Hatua ya kwanza: Lifahamu neno la Kichina kabla ya kuingia darasani

Kamusi za Kiingereza na Kichina hulifasiri “convenient” kwa neno 方便, linalotamkwa fāngbiàn, silabi ya kwanza ikiwa na toni ya juu iliyonyooka na ya pili ikiwa na toni inayoshuka kwa ghafla. Ni neno la zamani sana. Kumārajīva, mtawa aliyefasiri maandiko ya Kibuddha mjini Chang'an, alilitumia katika tafsiri yake ya Sutra ya Lotasi ya mwaka 406, na ndilo lililo katika jina la sura ya pili ya andiko hilo. Humo halina uhusiano na usafiri mwepesi wala nafasi ya kukutana na mtu. Ni mbinu anazotumia mwalimu ili fundisho limfikie kila msikilizaji kwa kadiri ya uwezo wake. Mwanafunzi wako huenda asiikumbuke maana hiyo, na hakuna haja ya kumuuliza, ila kwako wewe inaonyesha ni kwa muda mrefu kiasi gani neno hili limezoea kubebeshwa mambo mengi.

Katika mazungumzo ya kila siku matumizi yake ni mapana kuliko ya kivumishi chochote cha Kiingereza. Mchina akisema kwamba mahali fulani jiāotōng hěn fāngbiàn, anamaanisha kwamba usafiri wa kufika hapo hausumbui, na hapo “convenient” inakubali bila shida. Akikuuliza nǐ míngtiān fāngbiàn ma, anauliza kama kesho una nafasi. Akisema kwamba shǒutóu bù fāngbiàn, anakiri kwa adabu kwamba hana fedha kwa sasa. Mzee ambaye tuǐjiǎo bù fāngbiàn ni mzee ambaye miguu yake inampa shida. Jambo ambalo mtu bù fāngbiàn shuō ni jambo asiloweza kulisema mbele ya watu waliopo, hata kama analijua vizuri. Anayeomba kwenda fāngbiàn yíxià anakwenda kujisaidia, na tafsida hiyo ndiyo chanzo cha visa vingi vya kuchekesha vinavyosimuliwa kuhusu wageni wanaojifunza Kichina. Tambi za kuchemsha kwa dakika chache huitwa fāngbiànmiàn. Tena neno hilohilo linaweza kuwa nomino, kama katika kumwomba mtu akufanyie hisani, na linaweza kuwa kitenzi kinachochukua shamirisho, kama pale duka linaposema kwamba huduma fulani imewekwa ili fāngbiàn gùkè, yaani kuwarahisishia wateja mambo.

Uichunguze orodha hiyo na utaona kwamba matumizi mengi hayaingii kabisa katika “convenient”, na kwamba yale mawili ya mwanzo, ambayo yanaingia, hayaingii kwa namna moja. La usafiri linaingia kama lilivyo. La nafasi ya mtu linaingia baada tu ya sentensi kupinduliwa.

Sababu ya kupinduliwa huko imo katika sarufi ya Kichina. Lugha hiyo hupenda kuanza na mada, yaani mtu au kitu kinachozungumziwa, kisha ikaeleza hali yake. Katika nǐ míngtiān fāngbiàn ma, neno nǐ ni “wewe”, míngtiān ni “kesho”, na ma ni kiulizi cha mwishoni. Mtu ametajwa kwanza kwa kuwa yeye ndiye mada, lakini sentensi haidai kwamba yeye mwenyewe ana sifa ya fāngbiàn. Inauliza kama hali kwa upande wake, siku hiyo, inaruhusu. Kiingereza hakina nafasi ya mada ya namna hiyo katika sentensi ya kawaida. Kinachotangulia kitenzi ni kiima, na kiima hubebeshwa sifa inayofuata. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza na “you” kwa sababu ya adabu ya lugha yake, anajikuta amempa msikilizaji sifa ambayo hakukusudia kumpa.

Hatua ya pili: Mwache aandike kabla hujaeleza

Usianze somo kama vile mwanafunzi halijui neno. Mwaka 2001 Wizara ya Elimu ya China iliagiza kwamba Kiingereza kianze kufundishwa kuanzia darasa la tatu la shule ya msingi, kwa hiyo kijana aliyesoma huko tangu wakati huo ameishi na orodha za msamiati kwa miaka mingi. Katika orodha hizo “convenient” huandikwa kando ya 方便的, ile alama ya mwisho, de, ikiwa imeongezwa ili kuonyesha kwamba neno la Kiingereza ni kivumishi. Fasili hiyo fupi ndiyo aliyoikariri, na si mbaya. Ila haisemi lolote kuhusu kiima.

Mpe dakika chache aandike sentensi zake mwenyewe zenye neno hilo: moja kuhusu miadi, moja kuhusu mahali anapoishi, na moja kuhusu huduma yoyote anayoipenda. Usimsaidie. Kwa kawaida yatajitokeza makosa ya aina tatu. La kwanza ni mtu kuwa kiima, nalo tumeshalieleza. La pili ni kukosekana kwa kitenzi kishirikishi, kama katika “The bus very convenient”, kwa sababu kivumishi cha Kichina hujitosheleza kuwa kiarifu na hakihitaji “ni”. Hapo usishangae kuona “very” kila mahali: neno hěn, ambalo hufasiriwa “sana”, huwekwa mbele ya kivumishi cha Kichina hata pale ambapo msemaji hana nia ya kusisitiza, kwa kuwa bila hilo sentensi husikika kana kwamba inalinganisha vitu viwili. La tatu ni kuchanganya aina za maneno, kama katika “It is very convenience” au “to convenient the customers”, na chanzo chake ni kwamba fāngbiàn haibadiliki umbo iwe kivumishi, nomino au kitenzi.

Makosa hayo matatu yasisahihishwe kwa pamoja. Liandike pembeni la pili na la tatu, na uende na la kwanza.

Hatua ya tatu: Iweke maana kwa hali halisi

Asili ya “convenient” ni kitenzi cha Kilatini convenire, ambacho maana yake ni kuja pamoja, kukutana, kukubaliana. Kwa hilo, na kwa hilo tu, historia ya neno inafaa kutajwa darasani: pande mbili zinakutana, yaani jambo kwa upande mmoja, na mtu mwenye shughuli zake kwa upande mwingine. Jambo likikutana na shughuli za mtu bila kumwongezea usumbufu, basi ni “convenient” kwake. Lisipokutana nazo, mtu habadiliki kuwa na kasoro yoyote. Ni jambo ndilo lisilomfaa.

Baada ya hapo tumia mifano anayoiishi. Wachina wa mijini wamezoea kulipia karibu kila kitu kwa simu kupitia WeChat au Alipay, na aliyefika Kenya au Tanzania ameshaona watu wakifanya hivyo kwa M-Pesa, kwa hiyo “Paying by phone is convenient” ni sentensi asiyohitaji kufafanuliwa. Mweleze kwamba sifa hiyo inahusu wepesi wa kufikika na kutumika, wala haihusu ubora. Mgahawa ulio chini ya ofisi unaweza kuwa “convenient” na chakula chake kikawa hakiliki. Mtihani unaweza kuwa mwepesi, yaani “easy”, lakini hauwi “convenient”, isipokuwa kama unazungumzia saa au mahali unapofanyikia. Tofauti hii ya mwisho inafaa kurudiwa mara kwa mara, maana fāngbiàn na wepesi hukaa karibu sana katika Kichina.

Hatua ya nne: Mzoeze kumweka mtu nyuma ya “for”

Hapa ndipo muda wako mwingi unapaswa kutumika. Sentensi ya msingi iwe hii: “Is tomorrow convenient for you?” Wakati umetangulia, mtu amefuata nyuma ya kihusishi “for”. Umbo la pili ni lile linaloanza na “it” wakati jambo lenyewe ni tendo: “Would it be convenient for you to come on Monday?” Umbo la tatu ni lile ambalo kivumishi kinatangulia nomino, kama katika “a convenient time” au “a convenient place”, nalo halina hatari kubwa kwa sababu mtu hatajwi.

Mwalimu wa Kiswahili ana bahati ambayo huenda hajaitambua. Sisi tunauliza, “Kesho saa nne itakufaa?” Saa ndiyo kiima, na mtu amejificha ndani ya kitenzi kama shamirisho. Hakuna anayeuliza, “Wewe unafaa kesho?” isipokuwa kama anachagua mchezaji wa timu au mtu wa kazi, na hata hapo swali ni la kumpima mtu, si la kumwomba miadi. Kosa la “Are you convenient?” ni karibu sawa kabisa na kosa hilo, kwa hiyo sikio lako linalinasa bila kanuni ya sarufi. Mwanafunzi ambaye ameshakaa Dar es Salaam au Nairobi na anazungumza Kiswahili cha dukani anaweza hata kuonyeshwa mfano huo moja kwa moja. Kwa asiyejua Kiswahili, mfano huo ubaki kuwa msaada wako wewe mwalimu, kwani kumpitisha mtu katika lugha ya tatu ili afike ya pili ni kumchosha bure.

Kwa asiyejua Kiswahili tumia njia iliyomo ndani ya lugha yake. Kichina kinaruhusu wakati utangulie: míngtiān nǐ fāngbiàn ma ni swali sahihi na la kawaida, sawa na lile linaloanza na nǐ. Mwombe aseme swali lake kwa Kichina akianza na siku au saa, kisha aiweke siku hiyo mwanzoni mwa sentensi ya Kiingereza. Njia hii inasaidia nusu tu ya safari. Wengine watakuambia, “Tomorrow are you convenient?” na watadhani wametii. Kwa hiyo ongeza sharti la pili: neno “you” haliruhusiwi kutamkwa hadi “for” liwe limetamkwa kwanza. Ni sharti la kimazoezi, halina heshima yoyote katika vitabu vya sarufi, lakini linafanya kazi kwa sababu linampa mwanafunzi kitu cha kukizuia mdomoni badala ya kanuni ya kuikumbuka kichwani.

Zoezi liende hivi. Wewe unataja wakati au mahali, naye anauliza. Ukisema saa tisa, anasema, “Is three o'clock convenient for you?” Ukisema hoteli iliyo mjini, anasema, “Is the hotel in town convenient for you?” Baada ya mizunguko kadhaa mbadilishe mtu: iwe kwa meneja, kwa wageni, kwa mama mzazi. Kisha mgeuzie jibu, kwa kuwa wengi wanaofaulu kuuliza vizuri huanguka katika kukataa, wakasema “I am not convenient”. Jibu la kukataa lizoezwe kwa sauti hadi litoke lenyewe: “I'm afraid Monday isn't convenient for me. Would Tuesday be all right?” Kwa mahali, umjulishe pia kwamba Waingereza husema nyumba ni “convenient for the station” wakimaanisha iko karibu na kituo, wakati Wamarekani husema “convenient to the station”, achague moja kulingana na watu anaowaandikia.

Kisha umweleze jambo ambalo vitabu vingi vya mazoezi hulipuuza: katika mazungumzo ya kirafiki, Waingereza na Wamarekani wenyewe hawatumii “convenient” mara nyingi kiasi hicho. Neno hilo lina urasmi fulani, linafaa barua za kazi, hospitali, benki na miadi na mtu usiyemzoea. Rafiki huulizwa “Are you free tomorrow?” na hapo mtu anarudi kuwa kiima bila kosa lolote, kwa kuwa “free” na “available” ni sifa za mtu. Mwenzako wa kazi huulizwa “Does ten o'clock work for you?” au “Does Tuesday suit you?” na hili la mwisho ndilo linalokaribiana zaidi na “itakufaa” yetu, maana kitenzi kinamchukua mtu kama shamirisho bila kihusishi chochote. Kwa maoni yangu mwanafunzi ambaye kila mara anasahau “for” apewe “Are you free?” kwa mazungumzo na “suit” kwa maandishi, na “convenient” aachiwe kuitambua anapoisoma. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kutumia kila neno alilolikariri.

Hatua ya tano: Yape makazi mengine matumizi yaliyobaki

Mwanafunzi akishafunga mlango mmoja wa fāngbiàn, atauliza mingine iende wapi, na ni vizuri uwe na majibu tayari. Hayahitaji maelezo marefu. Yanahitaji sentensi kamili za kukariri.

Kwa asiye na fedha kwa sasa, sentensi ni “I'm a bit short of money at the moment.” Kwa mzee mwenye shida ya miguu, ni “She has trouble walking”, na kamwe isiwe “Her legs are not convenient”. Kwa jambo asilotaka kulisema, “I'd rather not say” inatosha, au “I can't talk about it here” ikiwa kizuizi ni watu waliopo. Kumfanyia mtu hisani ni “to do someone a favour”. Tambi zile ni “instant noodles”, ingawa jamii nzima ya vyakula vilivyotayarishwa kiwandani ili kupikwa haraka huitwa “convenience food”, na duka dogo la mtaani lililo wazi hadi usiku, ambalo Wachina huliita biànlìdiàn, huitwa “convenience store”.

Kuhusu kwenda kujisaidia, mfundishe “Excuse me for a moment” au “Where is the toilet?” na umwonye kwamba “I want to convenient” haieleweki. Lakini ukimwonyesha picha ya bango la Uingereza lenye maneno “Public Conveniences”, yaani vyoo vya umma, atafurahi kugundua kwamba Waingereza nao walifika kwenye tafsida ileile kwa njia yao wenyewe. Mwambie tu kwamba nomino hiyo ni ya mabangoni na ya kizamani kidogo, asije akaitumia kumuuliza mhudumu wa mkahawa.

Hatua ya sita: Ndugu za neno, na kejeli iliyojificha

Sasa rudi kwenye lile kosa la tatu uliloliandika pembeni. Nomino ni “convenience”, kivumishi ni “convenient”, kielezi ni “conveniently”. Kitenzi chanya hakipo katika Kiingereza cha leo: huwezi kumfanyia mteja tendo la “to convenient” wala “to convenience”. Kinachosemwa ni “to make things easier for customers”, au kwa mabango, “for the convenience of our customers”. Cha ajabu ni kwamba upande wa kukanusha una kitenzi kamili: “to inconvenience someone” ni kumsumbua mtu, na “We apologise for any inconvenience” ni sentensi ya mabango ya ujenzi na ya matangazo ya ndege zilizochelewa. Mwanafunzi anayefanya kazi kwenye kampuni ya ujenzi ataihitaji kuliko nyingine zote.

“At your earliest convenience” hupendwa sana na wanaojifunza kuandika barua za biashara, na mimi ningeipunguza. Imekusudiwa kuwa ya upole, lakini msomaji wa Kiingereza anaweza kuisikia kama amri iliyovishwa adabu, hasa ikitoka kwa anayedai malipo. Kwa mteja, kutaja tarehe waziwazi na kuuliza kama inamfaa ni heshima zaidi.

La mwisho katika hatua hii ni kejeli, ambayo haimo katika fasili ya kukariri. Mtu akisema “He conveniently forgot to pay”, hasifu wepesi wowote; anasema kwamba kusahau huko kulikuwa na faida kwa aliyesahau na kwamba yeye msemaji haamini kama kweli alisahau. “A convenient excuse” ni kisingizio kilichopatikana kwa wakati kiasi cha kutiliwa shaka, na “How convenient!” ikitamkwa kwa sauti iliyobanwa ni shutuma. Mantiki ni ileile ya jambo kukutana na matakwa ya mtu, isipokuwa hapa limekutana nayo kupita kiasi. Kueleza hili kwa fasili ni kazi ngumu. Ni rahisi zaidi kumsimulia kisa cha mpangaji ambaye simu yake huzimika kila tarehe ya kodi, kisha umuulize mwanafunzi kama kuzimika huko ni kwa bahati mbaya.

Hatua ya saba: Matamshi

Neno lina mkazo katika silabi ya pili, ambayo irabu yake ni ndefu, kama ii. Mandarini sanifu haina sauti ya v, kwa hiyo wengi huweka w mahali pake. Herufi v wanaifahamu zaidi kama ile wanayobonyeza kwenye kibodi ili kupata ü. Mwambie aguse mdomo wa chini kwa meno ya juu na atoe sauti mfululizo kabla ya kuongeza irabu. Tatizo la pili ni mwisho wa neno. Silabi ya Mandarini huishia kwa irabu, kwa n, kwa ng, na katika lafudhi fulani kwa r, hivyo t ya mwisho humezwa na “convenient” ikabaki bila mkia.

Nawe ujichunge. Sisi tunayo v, ila tuna desturi ya kuongeza irabu mwishoni na kuuvuta mkazo kuelekea silabi ya pili kutoka mwisho, tukatamka kitu kama konvinienti. Mwanafunzi anayeiga sauti yako ataondoka na makosa ya lugha mbili. Kama matamshi yako hayaaminiki, msikilizishe sauti ya kamusi ya mtandaoni.

Hatua ya nane: Kupima na kusahihisha

Mpe sentensi hizi azirekebishe bila kuangalia maelezo, na usimwambie idadi ya makosa yaliyomo.

“If you are convenient, please call me.” Jibu ni “Please call me when it is convenient for you”, au kwa urafiki, “Call me when you're free.”

“I live here because the traffic is convenient.” Hapa kiima si mtu, na bado kuna kosa: jiāotōng imefasiriwa “traffic”, ambayo ni magari yanayopita barabarani. Kinachotakiwa ni “public transport is convenient” au “it is convenient for public transport”.

“My father is not convenient to travel.” Jibu linategemea maana: kama ni afya, “My father finds it hard to travel”, kama ni muda, “It isn't convenient for my father to travel now.” Mwanafunzi anayekuuliza ni ipi kati ya hizo mbili, badala ya kujibu haraka, ameelewa somo.

“This card can convenient us to pay.” Jibu ni “This card makes it easier for us to pay.”

Nje ya darasa usimkatize mtu mbele ya wenzake ili kumfundisha. Akikuuliza “Are you convenient at three?”, mjibu “Yes, three o'clock is convenient for me”, na umwachie asikie. Wengi hujirekebisha wenyewe katika swali linalofuata, na asiyejirekebisha atakumbushwa siku ya somo.

Somo linalofuata linapaswa kushughulikia vivumishi vingine vinavyoangukia shimo lilelile, yaani “easy”, “difficult”, “possible” na “necessary”, kwa sababu Kichina huruhusu mtu atangulie navyo vyote au maneno yanayolingana navyo. “I am possible to come” na “You are necessary to sign here” hugunduliwa upesi, kwani zinasikika vibaya mara moja. Anza na “I am easy to forget”, ambayo mwanafunzi huitumia akimaanisha kwamba yeye husahau upesi. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa kisarufi, ila inasema kwamba yeye ndiye mtu asiyekumbukwa na wengine, na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayoipigia mstari mwekundu.